Kompyuta hazionani kwenye Wi-Fi moja? Usikimbilie kupiga Windows

Nyumba ipo Lizaboni, Songea. Ruta moja, kompyuta mbili, intaneti inashika kote, lakini faili lililo kwenye laptopu halifunguki kwenye kompyuta ya mezani. Hapo fundi huitwa, na fundi asiye makini hupiga Windows upya. Picha na kazi za miaka zinaondoka hivihivi.

Mara nyingi tatizo ni dogo. Windows huuchukulia mtandao mpya kama Wi-Fi ya stendi, hivyo huificha kompyuta. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, toa Public, weka Private, kisha washa File and printer sharing. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili. Na zote ziwe Wi-Fi ileile. Ile ya wageni kwenye ruta nyingi huzuia vifaa kuonana.

Ilikuwa inakubali, ikagoma baada ya apdeti? Windows 11 Pro toleo la 24H2, lililotoka 2024, kwa kawaida halikubali tena kuingia folda ya kompyuta nyingine bila neno la siri. Weka neno la siri kwenye akaunti ya kompyuta yenye faili, kisha litumie kuingilia kutoka ile nyingine. PIN ya kuwashia haikubali hapa, na ndipo wengi wanapokwama.