Mbwa Mdogo Hana Akiba

Kijibwa wa kilo 6 ana damu ya takriban nusu lita mwilini mwake mwote, kiasi cha kujaza chupa moja ya soda. Ng'ombe hubeba kupe kadhaa na bado akafika malishoni. Kwa kijibwa, kupe hao hao ni msiba. Malezi yake yote yanaanzia hapo: mwili mdogo hauna akiba. Kiu, joto, ugonjwa au dawa iliyozidi humwangusha haraka kuliko mbwa mkubwa.

Mbwa wengi tunaowaona hapa Golbanti, kando ya Mto Tana nchini Kenya, ni wa kienyeji, wenye manyoya mafupi na pua ndefu. Usiku hulinda mazizi ya mbuzi ya Waorma. Mchana hufukuza nyani na tumbili kwenye mahindi na migomba ya Wapokomo kandokando ya mto. Aliye mdogo hamwezi fisi, wala hatakiwi kumweza. Kazi yake ni kubweka mapema ili wenye boma waamke.

Umbo la mbwa wa kienyeji linafaa joto letu. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi; hujipoza kwa kuhema, hewa ikipita juu ya ulimi na pua zenye unyevu. Kwa hiyo anayetaka kuleta Pekingese au Shih Tzu kutoka Mombasa namsihi asifanye hivyo. Pua zao fupi hubana hewa, na manyoya marefu huficha kupe. Joto la kawaida la mbwa ni karibu nyuzi 38.5, likifika 41, maisha yake yako hatarini. Ukimkuta anahema mfululizo, mate yanamtiririka na miguu inalegea, mpeleke kivulini, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mtafutie daktari wa mifugo. Maji ya kunywa yawe nyumbani, katika chombo chake mwenyewe. Chombo hicho kitawaridhisha pia majirani Waislamu wanaojikinga na mate ya mbwa, na kitamwepusha na ukingo wa mto wenye mamba.

Chakula cha nyumbani kinamtosha: ugali uliochanganywa na samaki asiye na miiba, au nyama iliyoiva, bila vitunguu, kwa sababu vitunguu huharibu chembe zake za damu. Mbuzi anapochinjwa, usimtupie ini wala mapafu mabichi. Malengelenge ya maji unayoyaona humo mara nyingi hubeba vichanga vya tegu mdogo sana. Mbwa akila, tegu hukomaa utumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi. Mtoto akimshika mbwa kisha akala bila kunawa, malengelenge yale yale huota kwenye ini lake mwenyewe. Pika viungo hivyo hadi viive kabisa, au vifukie chini sana, na mpe mbwa dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3.

Kupe watafutwe kila jioni: ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole. Fizi zikipauka, mkojo ukiwa wa kahawia au pua zikitoka damu, usingoje kesho. Mbung'o nao humwambukiza ugonjwa wa nagana, na macho yanayoingia ukungu ni dalili mojawapo.

Hapa ndipo wafugaji wenye nia njema wanapokosea. Dawa ya nagana imo nyumbani kwa ajili ya ng'ombe, basi kijibwa naye anadungwa. Kipimo kinachozoeleka kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Mililita hiyo moja, kwa mbwa wa kilo 6, inazidi mara tatu, na dawa hii ikizidi huumiza ubongo wa mbwa. Dawa za kuogeshea ng'ombe na sindano za minyoo zina hatari hiyo hiyo. Mpime kwanza: simama naye kwenye mizani, kisha simama peke yako, utoe tofauti. Mpe daktari wa mifugo uzito huo, na kipimo akitoe yeye.

Lakini liko jambo moja lisilopungua kwa udogo wa mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa haipimwi kwa kilo. Kijibwa hupata dozi kamili kama mbwa mkubwa, kuanzia umri wa miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Usikubali achomwe nusu. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu, na kinga hujengeka pale angalau mbwa 70 katika kila 100 wanapochanjwa. Kwetu wakati mzuri ni Septemba, kabla ya mvua za vuli. Mafuriko ya msimu huo, kama ya 2023, hukusanya watu na mbwa wa vijiji vingi kwenye mwinuko mmoja.

Mtoto akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa mchubuko tu, lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Jino la kijibwa ni dogo, lakini kichaa kinachopitia humo ni kile kile.