Hewa Iliyokataa Kushuka

Mama wa makamo anatoka kisimani na ndoo kichwani. Katikati ya njia anaitua, anashika magoti, mabega yanapanda na kushuka. "Pumzi hainitoshi," anasema. Wanaomwona nao wanaamini hewa haimwingii. Kumbe kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, COPD kama wanavyouita madaktari, mara nyingi kifua kimejaa hewa tele. Imekwama humo.

Fikiria basi la Mwanza kwenda Bariadi. Kila kituo wanapanda kumi, wanashuka wanane. Likifika Lamadi, hakuna pa kuweka mguu. Ndivyo yalivyo mapafu haya: mirija midogo imevimba au imelegea, na mtu akitoa pumzi inajifunga kabla hewa haijaisha. Akitembea haraka, anapumua upesi, vituo vinakuwa vifupi, na wanaoshuka wanazidi kupungua. Mapafu yanafura. Kiwambo, msuli mkuu wa kuvuta hewa, kinasukumwa chini na kulala bapa, kisiwe na nguvu ya kuvuta tena.

Sigara inajulikana kuwa chanzo. Moshi wa jikoni hautajwi sana, ilhali Simiyu, kuanzia Maswa hadi Meatu, kaya nyingi hupikia kuni, mkaa, hata masalia ya pamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Masama Kati, wilayani Hai, Kilimanjaro, uliwapima watu wa miaka 35 na zaidi. Asilimia 17.5 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu wote walipikia kuni na nishati nyingine za aina hiyo. Waliowahi kupata dawa yake hawakufika hata wawili katika kila wagonjwa mia.

Kipimo cha kwanza ni spirometa, kifaa alichokitangaza daktari John Hutchinson mjini London mwaka 1846. Unavuta hewa hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zote mpaka iishe. Ikiwa, baada ya dawa ya kutanua mirija, hewa ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote uliyotoa, njia zimebana.

Lakini spirometa huhesabu walioshuka tu. Hewa inayobaki kifuani baada ya kupuliza, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya ni lita moja na kitu, haifiki kwenye mashine. Kuipima kuna mbinu kadhaa; mbili kati yake ni hizi. Ya kwanza ni kuvuta gesi ya heliamu ya kiasi kinachojulikana: jinsi inavyopungua ukali ndivyo inavyoonyesha imechanganyika na hewa kiasi gani. Kasoro yake ni kwamba haifiki vizuri kwenye vifuko vilivyoziba, na huko ndiko hewa ilikokwama. Ya pili ni kukaa ndani ya kibanda cha kioo kilichofungwa kabisa na kujaribu kupumua kwenye mrija uliozibwa kwa muda mfupi. Mabadiliko madogo ya mgandamizo hufichua ujazo wote wa kifua.

Vibanda hivyo ni ghali. Hata hivyo, spirometa ya kawaida inaweza kutoa dokezo: mgonjwa anapumua kwa utulivu, kisha anavuta hewa hadi kifua kijae. Nafasi hiyo ya kuvuta ikiwa ndogo, au ikipungua baada ya kutembea, basi limejaa.

Kwa hiyo anayekohoa na kuhema akipimwa kifua kikuu na kukutwa hana, safari isiishie hapo. Aulize kuhusu spirometa, na asikubali kuambiwa ni uzee.

Tiba ipo: dawa za kuvuta za kutanua mirija, mazoezi, kuacha sigara, kuhama moshi. Na kuna mbinu isiyo na gharama: vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, muda mrefu kuliko ulioutumia kuvuta. Ni midomo ile ile ambayo mama huyo ameitumia miaka yote kupulizia moto kwenye mafiga. Sasa aitumie kupuliza taratibu, mbali na moshi, abiria wapate kushuka.