Kodi Ipangwe kwa Kuwatazama Watakaokuja

Siku chache kabla ya kuchomwa kisu mjini Madina, mwaka 23 Hijria (644 Miladia), Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alisimama na maafisa wake wawili, Hudhayfa bin al-Yaman na Uthman bin Hunayf. Alitaka kujua iwapo wameitwika ardhi ya Iraq kodi isiyoweza kuibeba.

Ndugu msomaji, swali hilo lilikuwa na chimbuko lake. Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya wapiganaji walidai wagawiwe mashamba yake. Umar alikataa. Wakigawana wote waliokuwapo, watakaozaliwa baadaye watapata nini, na mipaka italindwa kwa mali gani? Aliwashauri Masahaba, akashika hoja ya Suratul Hashr inayowataja waliokuja baada yao. Ardhi ikabaki mikononi mwa wakulima, nao wakalipa kharaji. Lakini kwanza ilipimwa, na mazao yakawekewa viwango tofauti.

Zaidi ya karne moja baadaye, Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, alimtaka Qadhi Mkuu wake, Abu Yusuf, amwandikie mwongozo wa mapato ya dola. Ndipo kilipoandikwa Kitabu al-Kharaj. Mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 798, aliona kuwa kiwango kisichobadilika kwa kila kipimo cha ardhi kimekuwa mzigo, kwani mashamba mengi yalikuwa yamekufa na bei hupanda na kushuka. Akapendekeza itozwe sehemu ya mavuno: kwa ngano na shayiri ya maji ya asili, sehemu mbili kati ya tano, kwa ile inayonyweshwa kwa vyombo na kumgharimu mkulima, sehemu tatu kati ya kumi.

Aidha, alikemea desturi ya kuwakodisha matajiri kazi ya kukusanya kodi. Mtu wa namna hiyo hutaka kurudisha fedha zake na faida juu yake; humkamua mkulima mpaka akimbie, shamba likawa pori, na hazina ikakosa mapato ya miaka ijayo.

Tunajifunza nini? Kwamba sera ya muda mrefu haina maana ya viwango vilivyoganda. Abu Yusuf alibadili hesabu, lakini misingi ilibaki ile ile: pima kabla ya kutoza, tazama uwezo wa mlipaji, chagua mkusanyaji mwaminifu, na usile mbegu ya kesho.

Serikali inayotafuta fedha za mwaka mmoja tu huingia kwa urahisi katika kosa hilo. Mwezi Juni 2024 nchini Kenya, Muswada wa Fedha uliondolewa baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu.

Kila Juni bajeti zinaposomwa Afrika Mashariki, mama muuza samaki na mwenye duka husikiliza wakijiuliza kama mtaji wao utauona mwaka mwingine. Wanaopanga kodi nao wajiulize swali la Umar kabla ya kupiga hesabu ya mapato: je, tumewatwika wanachoweza kukibeba?

Wallahu a'lam.