Lango la gari likianza kuinama

Mvua za Novemba zikishika Likasi, mafundi wa kuchomelea huitwa kwa kazi ileile: lango la gari halifungi. Komeo halifikii tundu lake, na ncha ya chini inakwaruza sementi. Mwenye lupango, yaani ua wa nyumba, huomba tundu lipanuliwe, au chuma kikatwe kidogo chini. Fundi hukata, analipwa, na baada ya muda lango limeinama tena, safari hii likiwa na tundu pana ambalo mwizi ataingiza nondo bila taabu.

Kabla ya kukata chochote, kagua nguzo.

Bamba la chuma la milimita 2 lina uzito wa karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Upande mmoja wa lango, wenye upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2, una kilo 47 za bamba peke yake. Pamoja na fremu unakaribia kilo 65. Uzito huo huivuta bawaba ya juu itoke kwenye nguzo na kuikandamiza ya chini ndani yake. Bawaba zikiachana kwa mita 1.6, ile ya juu huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 30, usiku na mchana. Zikisogezwa hadi sentimita 80, mvuto unafika kilo 60. Kwa hiyo bawaba ya juu iwe juu kabisa, na ya chini iwe chini kabisa.

Nguzo zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, ya udongo wa kichuguu. Tofali hubeba mzigo vizuri, lakini halistahimili kuvutwa. Kikono cha bawaba kilichobanwa kwa saruji kati ya matofali kitalegea tu. Kinatakiwa kichomelewe kwenye nondo za nguzo ya zege, yenye msingi ulioshuka kiasi cha sentimita 70, kwa sababu udongo mwekundu ukilowa hulainika na nguzo fupi hulala.

Kipimo cha kujua ugonjwa uko wapi ni rahisi. Fungua lango nusu, shika ncha ya upande wa komeo, uinue na kuishusha taratibu, huku mwenzako akitazama bawaba. Kikono kikicheza ukutani, ugonjwa ni wa nguzo. Pini ikicheza ndani ya bomba lake, bawaba imelika. Badilisha hiyo tu. Vyote vikitulia, angalia nguzo kwa timazi. Nguzo ikiwa wima, basi fremu imepinda, na chuma cha mshazari kutoka pembe ya bawaba ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa komeo kitairudisha, mradi fremu inyanyuliwe kwa jeki kabla ya kuchomelea.

Kutu nayo ina sababu zake hapa. Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ni mji wa kusafisha madini, na asidi ya salfuriki ni kitu cha kila siku pale kiwandani Shituru. Hewa yenye salfa ikikutana na unyevu huharakisha kutu. Mabaya zaidi ni yale yasiyoonekana: maji huingia ndani ya bomba la chini la fremu, yakakosa pa kutokea, na chuma kikaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Gonga bomba hilo kwa mpini wa bisibisi. Penye sauti iliyofifia, chuma kimekwisha. Kwenye lango jipya, toboa matundu ya milimita 6 upande wa chini. Rangi ya kuzuia kutu ipakwe kati ya Juni na Agosti, chuma kikiwa kikavu na vumbi limeoshwa.

Kwa lango la kusukuma kwenye reli, naomba sana: usimwage oili chafu ya gari kwenye reli. Vumbi letu huganda humo na kuwa msasa unaokula magurudumu. Reli hufagiliwa, grisi ni ya beringi.

Lenye mota lifunguliwe kwa mkono angalau mara moja kila mwezi, ili umeme ukikatika ufunguo wa dharura uwe unageuka. Fundi akija kuchomelea, atenganishe kwanza waya za mota, la sivyo mkondo wa mashine yake utaunguza kibao cha umeme. Radi zikianza, chomoa plagi.

Mlango wa garaji unaopanda juu kwa springi usiuguse mwenyewe. Springi iliyokazwa ikiachia huvunja mkono.

Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni lango la reli lisilo na kizuizi mwishoni. Lenye upana wa mita 3 linazidi kilo 120, na watoto hupenda kulisukuma na kuning'inia. Likipita mwisho wa reli au likichomoka kwenye vishikizi vya juu vinavyoliongoza, humwangukia aliyelishika. Kizuizi ni kipande cha chuma cha kuchomelea kwa dakika chache, kila mwisho wa reli. Fundi akikisahau, mwambie akiweke kabla hujamlipa.