Ndoana Ikikunasa Wewe Badala ya Samaki

Msomaji, mito baridi ya Mlima Kenya ina trauti, samaki walioletwa nchini mwaka 1905. Ukienda kuwavua pande za Githongo, chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, nayo hurushwa ikipita karibu na uso.

Ndoana ina kijino kinachotazama nyuma. Ikikuchoma kidoleni usiivute, itachana nyama. Kata uzi, osha kwa sabuni, uende zahanati itolewe. Uliza pia sindano ya pepopunda ikiwa miaka 5 imepita tangu uidungwe. Ikiingia jichoni usiiguse: funika jicho kwa kikombe bila kulikandamiza, ukimbie hospitalini.

Kinga ni rahisi. Vaa miwani na kofia, na ubane kijino kwa koleo kabla ya kuvua.