Mshahara umetoka, twende restora. Lakini tutakula nini?



Mara hii ukurasa wetu hausemi juu ya kofia ya kazi wala juu ya viatu vya usalama. Unasema juu ya sahani ya chakula. Utauliza: sahani ya restora inaingia namna gani katika mambo ya usalama na afya? Ngoja nikueleze jambo lililofika katika dispanseri yetu siku ya kwanza moja, asubuhi na mapema.

Baba mmoja, dereva wa gari kubwa la kubeba mawe ya shaba, alikuja na bibi yake na watoto wawili. Yeye mwenyewe alijishika tumbo. Mtoto mdogo, wa miaka miwili, alilala begani mwa mama yake bila kulia, macho yameingia ndani, midomo mikavu. Wewe mzazi ujue hivi: mtoto anayehara na kulia bado ana nguvu. Yule asiyelia ndiye anayetutia hofu sisi waganga. Tulimwekea serumu mara moja, na siku ile nzima sikuondoka mbali na kitanda chake.

Kijana wao wa kwanza alikuwa ameshinda mtihani wa Serikali. Furaha kubwa! Siku ya mposho jioni baba aliwavalisha wote vizuri, akawapeleka kula mjini. Sina neno juu ya hilo. Mtu anayetumika mwezi mzima katika vumbi na jua anayo haki ya kuketi mezani pamoja na jamaa yake na kuletewa chakula. Jambo ni namna walivyotumia feza zao pale mezani. Baba yule alikuwa bado na karatasi ya hesabu mfukoni, akanionyesha. Ameniruhusu niiandike hapa, jina lake na jina la nyumba ile ninayaacha.

Pombe chupa 8, kila moja faranga 4,000: faranga 32,000. Limonadi 4 kwa faranga 2,000: faranga 8,000. Wali na mchuzi wa nyama, sahani 3 kwa faranga 8,000: faranga 24,000. Jumla faranga 64,000.

Soma tena pole pole. Vinywaji faranga 40,000, chakula faranga 24,000. Walikuwa watu watano wa nyumba, sahani ni tatu. Nani alikunywa chupa nane? Baba alianza na moja akingoja chakula. Wandugu wawili wa kazi walipita njiani, wakamwona, wakasalimu, wakaketi. Desturi yetu unaijua: mtu aliyeketi mezani kwako huwezi kumwacha na koo kavu. Bibi alisema: «Baba, tuagize samaki kwanza.» Baba alijibu: «Ngoja kidogo.» Walipokuja kuagiza, feza ya samaki ilikuwa imekwisha kunywewa. Mtumishi wa restora akawaambia kuna wali na mchuzi uliobaki tangu saa sita ya mchana, bei yake ni nafuu. Hivi baba alipunguza gharama, lakini alipunguza mahali pabaya.

Ule wali uliwafanya nini?

Tangu saa sita ya mchana mpaka saa moja ya jioni ni saa saba. Vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaana haraka kati ya digri 5 na digri 60. Chakula kilichopikwa kisikae katika vuguvugu ile zaidi ya saa mbili, ndivyo Shirika la Afya Duniani (OMS) linavyofundisha. Wali una hatari yake ya pekee. Kuna kijidudu kinachokaa katika mchele, mbegu yake haifi katika maji ya kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu ile inaamka na kutoa sumu, na sumu ile haiondoki hata mama akirudisha sufuria juu ya makala. Mtu anaweza kutapika kisha saa moja tu, au saa tano au sita. Mchuzi mzito wa nyama katika sufuria kubwa nao unapoa pole pole sana, na katikati yake vijidudu vinafurahi.

Basi usidanganyike na neno «tutakupashia moto». Uliza: kimepikwa saa ngapi? Mwenye restora mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Wale wazazi walifanya kosa la pili, na hili ninaliona kila mwaka. Usiku mtoto alipoanza kuhara, walimkataza maji, wakifikiri maji yanaongeza kuhara. Sivyo! Maji yanayotoka lazima yarudishwe. Katika dispanseri tunatoa pakiti za unga wa SRO bure, kamata mbili uziweke nyumbani. Kama huna, chukua litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu. Koroga, mpe mtoto kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Usizidishe chumvi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Kama kinyesi kinatoka kama maji ya mchele, usingoje asubuhi, wala kwa mtoto wala kwa mtu mkubwa: inaweza kuwa kolera, na kolera inaweza kuua mtu mzima kwa saa chache.

Namna ya kuagiza

Sasa turudi mezani. Mimi si tajiri, nami ninapenda kula nje. Mshahara wangu wa kwanza niliumaliza kwa usiku mmoja na nusu nikiwalisha wenzangu wa masomo, kiisha nikala mihogo ya kuchemsha mpaka mwisho wa mwezi. Ninayokuambia nimeyalipia.

Kabla ya kutoka nyumbani, bwana na bibi wapatane kiasi cha feza, na feza ile ishikwe na mmoja. Katika nyumba nyingi ninazozijua, mama anaishika vizuri zaidi. Wanaume wenzangu wanisamehe. Nyingine ibaki nyumbani. Tena, usiende na njaa kali. Wape watoto uji kidogo saa kumi. Mwenye njaa anaagiza kwa macho.

Ukifika, agiza chakula kwanza, kinywaji kije pamoja na chakula. Pale wanapochoma nyama ya mbuzi mbele yako, watakuletea vipande vidogo vyenye chumvi na pilipili nyingi. Ni vitamu, kweli. Lakini chumvi ile inaita chupa, na chupa inaita nyingine. Karibu kila restora ninayoijua inapata faida zaidi katika chupa kuliko katika sufuria. Na wewe dereva wa mashini, wewe wa shimoni, kumbuka posti ya asubuhi inaanza saa ngapi. Pombe inakausha maji ya mwili, na katika joto la kazi mtu aliyekauka anapata kizunguzungu mbele ya mwenzake.

Chagua chakula kinachotoka motoni sasa hivi: samaki wa kuchoma, michopo, mayai, bukari inayotoa moshi. Samaki mkubwa mmoja anaweza kulisha watu wawili au watatu. Bukari na lengalenga ndivyo vinavyoshibisha, na bei yake ni ndogo. Hakuna haya kuomba sahani tupu mgawane. Haya ni kukimbia karatasi ya hesabu.

Maji usiyafanyie uchoyo. Nunua chupa iliyofungwa vema, sikiliza kama kifuniko kinalia unapofungua. Kwa watoto wadogo chukua maji ya kuchemsha kutoka nyumbani, eleza mwenye nyumba kwamba ni ya mtoto. Mimi bado sijaona aliyekataa.

Katika restora kubwa kuna mambo mawili ya kuuliza mbele ya kuagiza. La kwanza ni TVA. Tangu mwaka 2012 nchi yetu inayo TVA ya 16 kwa mia. Kama bei ya kitabu haikuihesabu, chakula cha faranga 20,000 kitakuwa faranga 23,200. La pili, kama bei imeandikwa kwa dola, uliza wanahesabu dola moja kwa faranga ngapi. Kila nyumba ina hesabu yake, na mara nyingi hesabu hiyo haikupendelei wewe. Noti ya dola yenye kupasuka hata kidogo watairudisha, hivyo itazame kabla ya kutoka nyumbani. Mwishoni soma karatasi mstari kwa mstari, hesabu chupa tupu zilizo mezani. Ndiyo sababu ninasema zisiondolewe kabla ya kulipa.

Wale wanaokula malewa kila mchana

Wengine watasema: sisi hatuendi mjini, sisi tunakula kwa mama wa malewa karibu na mlango wa kazi. Fanya hesabu nawe. Sahani ya faranga 3,000, siku 26 za kazi, ni faranga 78,000 kwa mwezi. Ukiwa na likelemba na wenzako unaona mara moja hesabu hiyo ingefanya nini mwezi wako unapofika.

Lakini sitakuambia kwa haraka «chukua gamela». Kwa nini? Kwa sababu bukari na mchuzi uliotiwa katika gamela saa kumi na moja ya asubuhi, ukala saa sita, ni saa saba, sawasawa na ule wali wa siku ya mposho. Nimeona wagonjwa wa gamela kama nilivyoona wagonjwa wa restora. Katika gamela tia vitu vikavu: viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa, karanga za kukaanga, mkate, samaki wadogo waliokaangwa wakakauka, ndizi katika ganda lake. Mchuzi na sombe uvile nyumbani jioni, pamoja na watoto. Wenzangu wengi wanachanganya: siku tatu gamela, siku tatu malewa, na hiyo ni nusu ya gharama karibu.

Siku ya malewa nenda mapema, sufuria ikishuka motoni. Chagua mama anayepika mbele ya macho, anayefunika chakula kwa sababu ya nzi, mwenye maji ya kunawa na sabuni, anayeosha sahani kwa maji yanayobadilishwa. Kama anaomba faranga 500 zaidi ya jirani yake, mpe. Makala na sabuni vina bei. Wala usile kwa deni la kitabu. Mtu anayelipa mkononi anaona feza ikitoka, anajizuia. Mtu wa kitabu anashtuka mwisho wa mwezi, kiisha anagombana na mjane anayelisha watoto wake kwa sufuria ile.

Na kitu kimoja cha kazi yetu: usiketi kula ukiwa na nguo za kazi. Vumbi la madini linakaa katika mikono, chini ya kucha, katika mikono ya shati. Bukari tunaikanda kwa vidole. Vumbi lile lina kobalti na vitu vingine visivyotakiwa tumboni. Vua koti, nawa kwa sabuni mpaka kiwiko, ndipo ukamate tonge. Wala usirudi na nguo hizo katika restora ambapo watoto wanaketi.

Yule mtoto mdogo alitoka kitandani siku ya nne. Baba alikosa siku mbili za kazi, na kijana mwenye diploma alisherehekea kwa kubeba mdogo wake mgongoni kati ya dispanseri na nyumba. Miezi miwili nyuma yake walirudi kula mjini, nyumba nyingine, na feza ilikuwa katika kitambaa cha mama. Baba aliniletea karatasi ya pili: samaki 2 wa kuchoma kwa faranga 15,000, bukari 5 kwa faranga 1,000, lengalenga sahani 2 kwa faranga 2,000, limonadi 4 kwa faranga 2,000, pombe 2 kwa faranga 4,000. Jumla faranga 55,000. Wandugu wa kazi walipita tena, mmoja akapewa kipande cha samaki na salamu nzuri, akaenda zake.

Karatasi zote mbili nimezibandika ukutani katika dispanseri, karibu na mizani ya watoto. Anayetaka kuzisoma aje baada ya saa nane, wakati foleni ya sindano imekwisha.