Unauza maua ya ndani? Mfundishe mteja kumwagilia

Wapambanaji, leo naongea na mnaouza maua ya ndani mtandaoni, hasa sakulenti: aloevera, kaktasi, sansevieria na ndugu zao wenye majani manene. Yanauzika kwa sababu mteja anaambiwa "hayasumbui". Kweli hayasumbui. Ila baada ya wiki kadhaa anakutumia picha ya ua limeoza, na chini ya posti yako anaandika umemuuzia bovu. Hapo umempoteza yeye na wote wanaosoma.

Mimi duka langu lipo Kariakoo, na malalamiko mengi ninayoletewa chanzo ni kimoja: maji mengi. Sio kukosa maji.

Kwa nini? Sakulenti inatunza maji kwenye majani au shina, na vitundu vyake vya kupumulia vinafunguka zaidi usiku jua likiwa halipo, kwa hiyo haipotezi maji ovyo. Mizizi nayo inataka hewa. Udongo ukilowa kila siku, hewa inakosa nafasi na mizizi inaoza. Mizizi iliyooza hainywi, hivyo ua linaonekana lina kiu, mteja anaongeza maji, analimaliza kabisa.

Mweleze hivi:

1. Apime kwanza. Achomeke kijiti cha mshikaki mpaka karibu na chini ya chungu, achomoe. Kikitoka na unyevu, asubiri. Kikitoka kikavu, amwagilie.

2. Akimwagilia, amwagilie haswa. Amimine taratibu kwenye udongo, sio juu ya majani, mpaka maji yatoke chini. Yakiisha kuchuruzika, amwage yaliyobaki kwenye kisahani. Kijiko kimoja kila siku kinalowesha juu tu.

3. Asifuate kalenda. Joto la Januari hapa Dar na masika ya Machi hadi Mei ni vitu viwili tofauti. Kipindi cha mvua udongo unachelewa kukauka. Chumba chenye kadirisha kamoja nacho kinachelewa kuliko kibarazani.

4. Chungu kiwe na tundu. Vile vya kauri vya urembo vingi havina. Ua likae kwenye cha plastiki chenye matundu, ndani ya kile cha urembo. Wakati wa kumwagilia analitoa.

5. Udongo uchanganywe na mchanga wa mto na kokoto ndogo. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi. Hata maji ya kisima yenye chumvi, ukiyatumia kila mara, chumvi inabaki kwenye udongo. Maji ya mvua ni mazuri zaidi.

Akikutumia picha, soma majani. Yakiwa membamba yenye makunyanzi na udongo mkavu, hiyo ni kiu. Yakiwa ya njano, laini kama embe lililoiva kupita kiasi, yanadondoka ukiyagusa, hayo ni maji. Mwambie alitoe, akate mizizi iliyooza, aliache kivulini siku mbili tatu lipone vidonda, kisha apande kwenye udongo mkavu. Asimwagilie mpaka wiki ipite.

Na wewe muuzaji, mzigo wa mkoani usimwagilie siku chache kabla ya kuupeleka stendi. Ua lililolowa, limefungwa kwenye boksi, linasafiri na joto, linaweza kufika limeanza kuoza. Mtu wa Mwanza au Mbeya hatajua ni safari, atajua ni wewe.

Kabla hujapokea hela uliza swali moja: "Utaliweka wapi?" Akisema chumbani hakuna mwanga, mpe sansevieria, inavumilia kuliko kaktasi. Ukishatuma mzigo, mrekodie sauti ya dakika moja WhatsApp ukimweleza kijiti na tundu. Bando kidogo tu, lakini ua likiishi, mteja anarudi kuchukua la pili, na picha atakayoposti ni ya ua zima.